Muhuri wa Kumi na Nne

Jumatatu, 15 Oktoba

Barua kutoka Ofisi ya Hataza. Hatimaye! Bahasha nene. Sikuifungua. Niliipeleka kwanza kwa Sumie, nikaiweka mbele ya picha yake, nikawasha ubani, nikapiga kengele mara mbili badala ya moja ili asije akasema hakusikia. Nikamwambia: mama, mumeo sasa ni mgunduzi mwenye cheti. Nilimwahidi hospitalini kwamba cheti kitakuja na nitakitundika. Ukutani, kulia kwa madhabahu yake, msumari upo tangu Agosti. Niliupigilia mapema ili usichelewe.

Nikafungua. Si cheti. Ni Taarifa ya Sababu za Kukataa. Kurasa sita. Lugha tamu kama ya mshenga, maana yake ni teke. Kwamba ombi langu, "Kifaa cha kupima kina cha ardhi kwa mistari ya mwanga, kwa wasioona vizuri", si jipya. Si jipya! Kwamba jambo lilelile lilishatangazwa kwa watu miezi mitano kabla sijaomba. Nina siku sitini za kujibu. Chini kabisa, jina la mkaguzi: Tsuzuki.

Na ushahidi ni nini? Karatasi ya ubao wa mtaa wetu! Ubao huuhuu wenye klipu unaopita nyumba hadi nyumba na matangazo ya takataka na mazoezi ya zimamoto, kila nyumba ikipiga muhuri wa jina lake kuonyesha imesoma. Juni, miaka mitatu iliyopita.

Hapa kuna mkono wa Kuroiwa. Hakuna mwingine.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakufa (Kuroiwa, liweke chini!), naeleza. Ni kisanduku cha ukubwa wa sabuni. Unakifunga kiunoni. Kinamwaga mistari ya mwanga chini mbele yako, kama kivuli cha pazia la mianzi. Kamera ndogo pembeni inaitazama mistari. Ardhi ikiwa sawa, mistari imenyooka. Pakiwa na ngazi, mistari inakatika, na mkongojo unatetemeka mkononi. Kina kikizidi, mtetemo unazidi. Lenzi nilisaga mwenyewe. Nyaya alifunga mpwa wangu. Wazo ni langu. Ndivyo nilivyojaza kwenye fomu: mgunduzi, Nukaga Tokizo, peke yake.

Kisanduku kiko kwenye droo ya karakana. Ufunguo uko shingoni mwangu. Siri ni siri.

Jumanne, 16 Oktoba

Nilimfuata Kuroiwa asubuhi, kabla hajapiga mswaki. Mtu huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta miaka arobaini na mmoja. Alikuwa akitengeneza vipimo vya vyuma, vya kupima unene wa unywele. Kwa hiyo anajiona ndiye aliyeumba usahihi, na sisi wa lenzi tunabahatisha tu. Nilimkuta mlangoni akimwagilia ua lake la chungu. Maji yote yalikuwa yanaingia kwenye viatu vyake. Sikuuliza.

Nilimwita msaliti. Akataka kujua msaliti wa nini, maana anao usaliti mwingi, nitaje mmoja. Nikamsomea barua. Akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Kisha akaniuliza, karatasi hiyo ina mihuri? Inayo, nikasema, kumi na minne, nyumba zote. Akasema basi ndiyo yenyewe iliyozunguka, na ubao ukishazunguka hulala nyumba ya mwisho.

"Na nyumba ya mwisho ni ya nani, mzee wa vioo?"

Nikarudi nyumbani. Nimekaa. Nimekumbuka.

Ni mimi.

Ilikuwa Aprili mwaka huu. Kuroiwa alijigamba kule kwenye bafu la mtaa, akiwa uchi na kitambaa kichwani, kwamba habari ya mistari alinipa yeye. Nikaogopa ataenda ofisini kuidai hataza yangu. Nikapekua droo za Sumie nikitafuta ushahidi kwamba kisanduku ni changu tangu zamani. Nikaikuta karatasi. Jina langu juu. Mchoro wa kisanduku. Tarehe. Mihuri myekundu kumi na minne! Ushahidi gani tena unautaka? Nikaituma kwa rejista, pamoja na barua ya kujisifu ya kurasa mbili.

Sikuisoma. Ni mwandiko wa Sumie. Sikuwa na miwani.

(Nimesaga lenzi miaka hamsini na minane. Sikuwa na miwani.)

Alhamisi, 18 Oktoba

Mpango! Umenijia nikiwa chooni, mahali pangu pa fikra.

Mkaguzi anasema jambo lilitangazwa kwa watu. Vizuri. Lakini nani katika mtaa huu husoma ubao? Ubao unafika, wewe unapiga muhuri, unamsukumia jirani kabla supu haijapoa. Imekuwa hivyo tangu vita viishe. Sasa nikipata nyumba zote zikiri kwa maandishi kwamba zilipiga muhuri bila kusoma, basi hakuna aliyejua, na kama hakuna aliyejua siri bado ni siri, na hataza ni yangu!

Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na mitano. Wangeniacha niendelee, ningekuwa jaji.

Jumamosi, 20 Oktoba

Leo ni tarehe ishirini. Siipendi tarehe hii. Afadhali kutembea.

Nimeanza na Bi Hirabuki. Nilikuwa bado nainama kumsalimu, yeye ameshapiga muhuri. Nikamwambia asome kwanza. Akasema, "Babu Nukaga, mimi sijasoma kitu tangu mwanangu aolewe. Unataka na wa pili?" Akapiga na wa pili. Umepinduka miguu juu.

Mzee Anzai wa duka la tofu alikuwa na mikono majini. Mkewe akapiga kwa niaba yake, akanipa na tofu ya kukaanga. Nyumba ya saba walidhani ni mchango wa tamasha, wakanishukuru kwa kazi ngumu. Nyumba ya tisa kuna mwalimu mstaafu. Huyu akakasirika. Akasema yeye husoma kila neno la ubao, bila kuruka. Nikamuuliza basi wiki hii ubao umeandikwa nini. Akatazama dari. Kisha akaenda kuleta muhuri.

Kwa ufupi: nyumba kumi na mbili zimethibitisha kwamba hupiga muhuri bila kusoma. Na zimethibitisha bila kusoma.

Bado Kuroiwa. Na mimi.

Jumapili, 21 Oktoba

Kuroiwa amekataa. Anasema alisoma. Mara mbili! Anasema mke wangu aliandika vizuri kuliko ninavyosaga vioo, na kwamba mara ya pili aliisoma kwa sauti, peke yake, jikoni.

Nikamwambia aape uongo kidogo tu, ana umri gani wa kuogopa? Halafu akaniambia nisogee dirishani. Akaniuliza nimevaa shati la rangi gani. Nikamwambia aache mchezo. Akasema si mchezo. Macho yanamfunga kwa pembeni, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari amesema ni ugonjwa uleule wa Sumie.

Kumbe ndiyo maana ya viatu.

Tukafanya biashara. Atapiga muhuri wa uongo. Mimi nitamwazima kisanduku. Nikamwambia haraka ya nini, subiri nionane na mkaguzi. Akasema atasubiri, lakini baridi ikija, ngazi za bafu huteleza.

Nikasema ndiyo, ndiyo. Akapiga muhuri. Aliutafuta mstari kwa kidole.

Jumatano, 7 Novemba

Nimeonana na mkaguzi. Nilivaa suti ya mazishi, sina nyingine. Nilibeba keki za maharage, boksi la vipande kumi na viwili, karatasi ya zambarau. Nilidhani Tsuzuki ni mzee mwenzangu mwenye chuki. Ni binti wa miaka thelathini na kidogo, ana mafua. Akainama, nikainama. Akasema keki hawezi kuzipokea. Nikasema si keki ni heshima. Akasema heshima ameipokea, keki nirudi nazo.

Nikamwekea mezani mihuri yangu kumi na mitatu. Kumi na minne ukihesabu ule wa pili wa Bi Hirabuki. Nikahutubia. Nilikuwa mzuri. Nilitumia na neno "haki".

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole kwamba sheria haiulizi nani alisoma. Inauliza nani angeweza kusoma. Karatasi ikishapita kwa majirani ambao hawakuapa kutunza siri, imeshatoka. Hata kama wote waliitumia kufungia samaki.

Nikasema, hakuna aliyejua!

Akasema, "Samahani sana, Bwana Nukaga. Kuna muhuri wa kumi na nne."

Akaigeuza karatasi kwangu. Pembeni, chini kabisa, umenyooka vizuri: Nukaga. Wangu. Akaniuliza kama niliisoma siku ile. Nikasema ndiyo. Nikaona uso wake, nikasema hapana. Kumbe majibu yote mawili yalikuwa mabaya. Akaeleza kwamba sheria huwapa nafasi watu waliojianika wenyewe: ndani ya miezi sita, ukiandika mstari mmoja kwenye ombi lako, kwamba jambo hili tulishalitangaza sisi wenyewe, wanakusamehe. Miezi sita. Mimi niliomba baada ya miezi mitano. Nilikuwa ndani! Mstari mmoja tu. Lakini utauandikaje mstari kuhusu kitu ambacho hukukisoma?

Nikamwambia sina miwani. Akauliza kama ningependa anisomee. Nilitaka kusema hapana. Nadhani nilikohoa.

Akasoma, kwa sauti ya ofisi, na mafua yake:

"Majirani wapendwa. Baadhi yenu mmeniona natembea na taa kiunoni, mkacheka, na mimi nacheka. Mume wangu ametengeneza kisanduku hiki. Siku moja nilimwambia kwamba kivuli cha pazia la mianzi kinakatika kwenye ngazi za nyuma, na kwamba siku hizi naona kivuli kuliko ngazi. Akaacha chakula, akaingia karakana, hakutoka siku tatu. Sasa naenda bafuni peke yangu kila jioni na sihitaji mkono wa mtu. Nachora hapa jinsi kinavyofanya kazi, ili mwenye mzazi asiyeona aje aulize. Ni mtu mkali lakini akiulizwa habari ya lenzi huwa mtoto. Nukaga Sumie, nyumba ya kumi na nne."

Bi Tsuzuki akasema mchoro ni sahihi kabisa. Kwamba ameona michoro mingi ya wahandisi, na huu hauna kosa.

Nikainama. Keki nimezisahau kwenye treni.

Alhamisi, 8 Novemba

Sina la kuandika leo. Basi naandika.

Juni ile Sumie alikuwa na kisanduku wiki tano. Julai nikakutana na mtu kwenye baa, mjuaji, akaniambia mgunduzi anayeonyesha kitu chake kabla ya kuomba hataza ni mpumbavu, ataibiwa. Nikarudi nyumbani mbio. Nikamfungua Sumie kisanduku kiunoni kwa mikono yangu. Nikakifunga kwenye droo. Nikamwambia mpaka niombe hataza, mama, siku chache tu. Hakugomba. Akasema, "Basi nitahesabu." Bafu lina ngazi tatu mlangoni. Akawa anahesabu. Moja, mbili, tatu. Watu walimsikia na kumtania.

Siri iliyokuwa imeshapita nyumba kumi na nne, mimi naifungia droo.

Oktoba bafu wakatengeneza mlango, wakaongeza ngazi ya nne. Tangazo lilipita kwenye ubao wiki moja kabla. Yeye maandishi madogo hakuyaona tena, kusoma ubao ilikuwa zamu yangu.

Muhuri nilipiga.

Tarehe ishirini akahesabu tatu. Nyonga ikavunjika, baada ya nyonga mapafu, na Januari tarehe kumi na tisa ndiyo ile picha.

Basi. Tofu ya Mzee Anzai leo ilikuwa na chumvi.

Jumanne, 4 Desemba

Siku zinaisha, kumi tu zimebaki. Nimeandika utetezi. Njia ni moja, Bi Tsuzuki mwenyewe alinidokeza siku ile: nionyeshe kwamba karatasi haitoshi kumfundisha mtu kutengeneza kisanduku. Nikaandika kwa ufasaha. Kwamba mwandishi wa karatasi alikuwa mwanamke asiye na elimu ya ufundi. Kwamba alikuwa haoni vizuri. Kwamba mchoro wake ni wa kubabaisha, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuutegemea.

Kurasa tatu. Kazi nzuri, nikajipongeza. Nikamsomea Sumie kabla ya kuituma, kama ninavyomsomea kila kitu siku hizi. Nilifika kwenye "kubabaisha".

Bahati mbaya supu ya miso imemwagikia barua. Ajali. Niliinua bakuli kwa mikono miwili, nikalishikilia juu ya karatasi, nikalimimina mpaka mwani wa mwisho.

Kuroiwa alipita mchana kuulizia kisanduku. Nikamwambia kesi bado iko mezani. Kweli kabisa. Ilikuwa mezani, inachuruzika.

Jumamosi, 19 Januari

Miaka mitatu leo. Sumie, nimekuletea chungwa. Mtawa alikuja, akasoma maombi haraka kama anayekimbilia treni, akala, akaondoka.

Hati ya kukataa ilifika Alhamisi. Ukurasa mmoja. Bi Tsuzuki aliambatisha nakala ya karatasi yako, ingawa sikuiomba. Nimeiweka chini ya mto wako wa kukalia. Nitaisoma mwenyewe nikipata miwani.

Lakini usihuzunike, mama. Msumari bado uko, na nina mpango mpya. Mkubwa!

Umenijia jana bafuni. Kuroiwa alikuwa amekaa majini mpaka kidevuni, analalamika kama kawaida. Akasema kutetemeka pekee hakutoshi, afadhali kisanduku chenyewe kingezihesabu ngazi na kukutajia zimebaki ngapi. Kingesema, moja, mbili, tatu, nne. Nikaruka kutoka majini, nusura niteleze. Hiki ni kitu kipya! Ofisi nzima haijakiona! Nimejaza fomu leo asubuhi. Mgunduzi: Nukaga Tokizo, peke yake. Maana kusema ni kusema tu, kazi ni lenzi.

Safari hii sitacheza. Siri kabisa. Kuroiwa alikuja saa kumi, na taulo begani na beseni mkononi, akanikumbusha ahadi. Anasema pembeni kumeshakuwa giza, amebakiwa na tundu la sindano. Nikamwambia kisanduku kiko kwenye matengenezo muhimu, nikishaomba hataza atakuwa wa kwanza kukivaa. Siku chache tu. Hakugomba, na Kuroiwa hugombana hata na saa. Akasema, "Haya, mzee wa vioo. Basi nitahesabu."

Nimekifunga. Ufunguo uko shingoni.

Akiwa bado njiani, Bi Hirabuki aliuleta ubao. Hakusimama. Juu kuna karatasi ya bafu, ina mchoro wa mlango na mishale mingi, na maandishi madogo ya kuumiza macho. Chini yake habari za takataka. Kwa dirisha namsikia Kuroiwa akienda zake, mkongojo unagonga lami, anajizoeza kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Mtu mzima hovyo.

Nimepiga muhuri. Umekaa vizuri, haukupinda hata kidogo.